Madam C. J. Walker: mfua nguo aliyetengeneza mabosi wa saluni



Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Nataka tumwongelee mama mmoja, Mmarekani mweusi, aliyefariki mwaka 1919. Wengi walimjua Netflix walipotoa tamthilia yake mwaka 2020. Anaitwa Madam C. J. Walker. Ukimtaja tu, watu wanakimbilia kwenye mshiko: mwanamke wa kwanza Marekani kuwa milionea kwa jasho lake mwenyewe, jumba la kifahari, gari. Sawa. Ila mimi kinachonigusa ni wale wanawake aliowashika mkono mpaka nao wakawa mabosi. Hiyo habari haisemwi sana, ngoja niiseme mimi.

Jina alilozaliwa nalo ni Sarah Breedlove. Alizaliwa tarehe 23 Desemba 1867 huko Delta, jimbo la Louisiana, kwenye shamba la pamba ambalo wazazi wake walitumikishwa kama watumwa. Yeye ndiye wa kwanza kwao kuzaliwa huru. Lakini uhuru huo na njaa vilikuwa vinalala kitanda kimoja. Alipofika miaka 7 alikuwa yatima wa baba na mama. Akalelewa na dada yake, wakavuka mto Mississippi kwenda Vicksburg kutafuta vibarua. Miaka 14 akaolewa. Mwaka 1885 akamzaa binti yake Lelia. Miaka 20, mume akafa. Shule yenyewe aliipata kwa miezi mitatu hivi tu.

Akabeba mtoto akaenda St. Louis, ambako kaka zake walikuwa vinyozi. Huko akafua nguo za watu kwa miaka mingi, kwa ujira ambao siku nzuri ulifika dola moja na nusu. Na juu ya shida zote, nywele zikaanza kunyonyoka. Hakuwa peke yake. Nyumba nyingi za watu maskini zilikuwa hazina maji ya bomba, kuosha kichwa ilikuwa kazi, mba na vidonda vya ngozi vikawa kawaida.

Sasa hapa ndipo wasimuliaji wengi wanaruka. St. Louis kulikuwa na mama mwingine mweusi, Annie Turnbo, ambaye baadaye alijulikana kama Annie Malone. Yeye alikuwa ameshaanza kutengeneza mafuta ya nywele na kuwafundisha wanawake wayauze nyumba kwa nyumba. Sarah akaingia kama wakala wake. Yaani kabla ya Madam Walker kumshika mtu mkono, kuna mtu alimshika yeye.

Mwaka 1905 akahamia Denver. Mwaka 1906 akaolewa na Charles Joseph Walker, muuza matangazo ya magazeti, na hapo ndipo lilipotoka jina la Madam C. J. Walker. Akaanza kuuza mafuta yake mwenyewe, na yeye na Annie Malone wakawa mahasimu wa biashara. Malone aliona ameigwa. Ukweli ni kwamba mchanganyiko wa mafuta mgando na salfa ulikuwepo kabla yao wote wawili. Na kile kitana cha moto ambacho watu husema kakivumbua Madam Walker, hapana, hakukivumbua. Alikitumia.

Basi alifanya nini cha maana? Alijenga ngazi.

Fikiria mwanamke mweusi wa Marekani miaka ile. Kazi zilizokuwa wazi kwake ni shambani, jikoni kwa mzungu, au kwenye beseni la kufulia. Madam Walker akamfuata huko huko, kanisani na sebuleni. Akamfundisha kuosha ngozi ya kichwa, kuitibu na kutengeneza nywele. Akamfundisha pia kuuza na kutunza pesa yake. Mwaka 1908 akafungua chuo Pittsburgh, akakiita kwa jina la binti yake. Waliokaa mbali walisoma kwa posta. Ukimaliza unapata cheti, unafungua biashara nyumbani kwako. Mwaka 1910 akahamishia makao Indianapolis, na mwaka 1911 kampuni ikasajiliwa rasmi. Kampuni yenyewe ilidai kuwa wanawake karibu 20,000 walipitia mafunzo yake.

Yeye mwenyewe hakuacha kujifunza. Alimwajiri mama mmoja aliyekuwa mwalimu, Alice Kelly, akampa usimamizi wa kiwandani, halafu akawa anafundishwa naye kuandika vizuri na kuzungumza mbele za watu. Bosi anakaa chini, mfanyakazi wake anamsahihisha. Mabosi wangapi mnawajua wanaokubali hilo?

Mafunzo hayo yalimsaidia. Mwaka 1912 huko Chicago kulikuwa na mkutano wa wafanyabiashara weusi ulioongozwa na Booker T. Washington, kiongozi mkubwa kuliko wote wa watu weusi wakati ule. Mama akaomba kuzungumza, Washington akawa anampita kama hamwoni. Biashara ya nywele haikuonekana biashara ya maana. Siku ya mwisho mama akasimama mwenyewe bila kupewa nafasi, akawaeleza alikotoka, tangu mashamba ya pamba mpaka kwenye kiwanda chake, akakaa. Mwaka uliofuata alialikwa kuwa mmoja wa wazungumzaji wakuu. Mlango umefunguka wenyewe? Wapi. Aliusukuma.

Agosti 1917 akawaita mawakala wake Philadelphia. Walikuja zaidi ya 200. Tuzo zikatolewa kwa waliouza sana, na pia kwa waliochangia zaidi misaada kwenye jamii zao. Karibu miezi miwili nyuma watu weusi walikuwa wameuawa kwa makumi kwenye vurugu za East St. Louis. Wale wasusi, siku ile ile ya kujadili mauzo, wakamtumia simu ya maandishi Rais Woodrow Wilson wakidai sheria ya kukomesha mauaji ya watu weusi. Na wakati huo wanawake hawa sehemu nyingi za nchi hawakuwa hata na haki ya kupiga kura.

Akafariki tarehe 25 Mei 1919 kwa shinikizo la damu na figo, akiwa na miaka 51 tu. Wosia wake ulitenga theluthi mbili za faida ya baadaye kwa ajili ya misaada. Binti yake akashika urais wa kampuni, na baada yake akafuata mwanamke mwingine wa familia hiyo.

Mfano mzuri wa kazi yake ni Marjorie Joyner. Alianza kama mwanafunzi wa Madam Walker, akapanda mpaka kuwa msimamizi wa shule zaidi ya 200 za kampuni. Mwaka 1928 akapata hataza ya mashine ya kuweka mawimbi kwenye nywele. Ila hataza hiyo ikawa mali ya kampuni, yeye hakuvuna utajiri nayo. Nalisema hili makusudi: hata ngazi nzuri inaweza kuwa na kidato kilichooza.

Wapo pia wanaomlaumu kwamba aliwafundisha weusi kuchukia nywele zao. Yeye alisisitiza kuwa shida yake ni afya ya kichwa na nywele zikue, ila kitana cha moto kilikuwemo kwenye mafunzo. Mjadala huo ni halali.

Nimeandika haya kwa sababu mtaani kwetu kila kona ina saluni. Namfahamu dada mmoja amesuka vichwa vya watu miaka sita kwenye saluni moja, mikono yake inajulikana mtaa mzima, lakini daftari la mahesabu hajawahi kulishika, wala hajui mafuta yananunuliwa wapi kwa bei ya jumla. Bosi anaogopa akijua ataondoka. Ni kweli, anaweza kuondoka. Sarah naye aliondoka kwa Annie Malone. Lakini Malone hakufa njaa, aliendelea kuwa tajiri, na nchi ikapata kampuni mbili kubwa za wanawake weusi badala ya moja.

Wenye saluni mnaosoma hapa, nauliza bila ugomvi: yule binti anayewaoshea wateja vichwa, mmemfundisha nini zaidi ya kuosha? Na nyie mliofundishwa mkatoka, mmerudi kumshika nani mkono?

Maoni ni ruksa, matusi hapana. Nawasilisha.