Daktari aliyeacha sindano akachora viwanja vya gofu

Wewe wa Likoni hesabu hii waijua vizuri. Uko na pikipiki, wataka kufika Changamwe. Upite feri, njia fupi, lakini foleni ikikushika imekula kwako? Ama uzunguke Dongo Kundu, mafuta yaende zaidi lakini usisubiri chombo? Waangalia saa, waangalia tangi, kisha wachagua. Hakuna wa kukuamulia.

Kuna mtu aliyeichukua hesabu ya aina hiyo akaifanya kazi. Aliitwa Alister MacKenzie na alichora viwanja vya gofu. Usikimbie, eti gofu ni ya mabosi wa Nyali. Hii si hadithi ya mabosi.

MacKenzie alizaliwa Agosti 30, 1870, Yorkshire, Uingereza. Alisomea Cambridge akawa daktari kama babake. Vita vya Makaburu vilipozuka 1899, aliletwa Afrika Kusini kutibu askari wa Uingereza. Huko akaona jambo ambalo hakulisahau. Makaburu walikuwa wachache, lakini walichimba mahandaki yaliyofanana kabisa na ardhi. Mwingereza alitazama mlima akaona nyasi na mawe tu, kumbe bunduki zimemwelekea. Akili ya MacKenzie ikashika hapo: ardhi inaweza kumdanganya mtu macho, na jicho likidanganyika, uamuzi nao huharibika.

Aliporudi nyumbani mji wa Leeds, aliendelea kutibu watu, lakini moyo ulikuwa umeshahamia kwingine. Mwaka wa 1907 akahusika kuanzisha klabu ya Alwoodley, na uwanja wake ukawa kazi yake ya kwanza kubwa. Tena hakuwa bingwa wa kupiga mpira. Alikuwa mchezaji wa kawaida tu, na labda ndiyo sababu hakuwasahau wachezaji wa kawaida.

Siku zile viwanja vingi vilijengwa kwa kuadhibu. Mtaro wa mchanga unakatiza njia nzima: uvuke ama uangamie. Mwenye nguvu anapita, mnyonge anazama, na hakuna aliyefikiria chochote. MacKenzie aliona huo si mchezo. Kwake, shimo zuri ni lile linalokupa njia zaidi ya moja. Kuna ya salama, ndefu, ambayo hata mzee au anayeanza ataipita bila aibu, ila atatumia mkwaju mmoja zaidi. Na kuna ya mkato, iliyo karibu na maji au mchanga. Ukithubutu na ukapiga sawasawa, zawadi yako ni mkwaju unaofuata kuwa rahisi. Ukikosea, umejitakia.

Mwaka wa 1914 jarida la Uingereza, Country Life, liliandaa shindano la kuchora shimo bora. MacKenzie akashinda. Mchoro wake ulikuwa wa shimo la kando ya bahari, lenye njia tano za kufika kwenye grini, yaani pale penye nyasi fupi na kibendera. Njia tano, shimo moja! Kila mchezaji ajipime ubavu wake na upepo wa siku hiyo, kisha aamue.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikamrudisha jeshini, safari hii akifundisha namna ya kuficha mahandaki. Vilipoisha, akaachana na udaktari. Hebu fikiria: mwanamume wa karibu miaka 50, mwenye taaluma ya heshima, anaacha mshahara wa uhakika akachore nyasi. Mwenyewe alikuwa amechagua njia ya mkato iliyo kando ya maji.

Mwanzoni ililipa. Mwaka wa 1926 alifika Australia akachora Royal Melbourne. Mwaka wa 1928 ukafunguliwa Cypress Point, kwenye miamba ya bahari kule California. Mwaka uliofuata Bobby Jones, mwanagofu maarufu kuliko wote wakati huo, alitolewa mapema kwenye mashindano ya Pebble Beach, jirani na hapo. Akiwa hana la kufanya, akacheza kwenye viwanja vya MacKenzie, akavipenda. Alipotaka kujenga uwanja wake Augusta, jimbo la Georgia, alimwita daktari huyo wachore pamoja.

Shimo la 13 la Augusta ndilo la kulitazama. Linapinda kushoto, na kijito kinaandamana nalo upande huo kisha kinakatiza mbele ya grini. Ukipiga kulia, uko salama, lakini grini iko mbali na umesimama kwenye mteremko. Ukiubana mpira karibu na kijito, umefupisha njia na miguu yako iko pazuri. Sasa swali linakuja tena: uruke maji kwa mkwaju wa pili, ama usimame na kuvuka kwa wa tatu? Mashindano mengi yamepatikana na kupotea hapo.

Lakini uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka tangu 1929. Pesa za Augusta zikakauka, ada ya MacKenzie ikapunguzwa, na hata hiyo iliyobaki hakulipwa yote. Aliandika barua akiomba haki yake. Alifariki Januari 6, 1934, California, akiwa na miaka 63 na madeni. Uwanja ule hakuuona ukiwa umekamilika. Mashindano ya kwanza, ambayo leo yaitwa Masters, yalianza Machi mwaka huohuo, yeye keshaondoka duniani na shida zake.

Kwa hivyo njia ya mkato haikumlipa mwenyewe kama ilivyowalipa waliocheza kwenye michoro yake. Lakini wazo lake bado linafanya kazi, hata kwa wewe usiyeshika fimbo ya gofu. Watengeneza gemu za simu unazocheza ukiwa kwenye matatu ya Kisauni hulitumia: njia rahisi yenye pointi chache, njia ya hatari yenye pointi nyingi. Na kama wewe ni kedi pale Nyali, unayebeba mkoba wa mtu mashimo 18, una nafasi ambayo wengi hatuna. Kabla bosi hajapiga, tazama mchoraji amekuachia njia ngapi, kisha umshauri ile anayoiweza.