Mathias Mnyampala: Mkristo wa Ugogo aliyeitungia Injili utenzi

UNAPOTAJWA ushairi wa Kiswahili, mawazo ya wengi huelekea Lamu, Mombasa, Pemba au Tanga. Ni wachache wanaoyageuza macho kuelekea Dodoma, katika nchi ya mibuyu, mifugo na ukame. Huko ndiko alikotoka marehemu Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa kabila la Wagogo, ambaye alifikia kuwa miongoni mwa viongozi wa washairi wa Kiswahili nchini Tanzania.

Alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Elimu aliipata katika misheni, na baadaye akaitumikia serikali katika kazi mbalimbali, zikiwamo za mahakama.

Kujiunga na Kiswahili hakukumfanya aitupe asili yake. Mwaka 1954 kilichapishwa kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo. Alikiandika kwa Kiswahili, na kwa hiyo hata asiyejua Kigogo aliweza kuwasoma Wagogo kwa kalamu ya Mgogo mwenyewe.

Mwaka huohuo Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji na mfuasi wa Jumuiya ya Ahmadiyya, alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi. Vina na mizani, ambavyo kwa muda mrefu mwanafunzi alivipata kwa kuketi na malenga, sasa vilikuwa kitabuni. Mtu wa bara aliweza kujifunza akiwa kwake.

Uzito wa jambo hili waonekana katika utenzi. Tungo hizo za beti za vipande vinne, kila kipande mizani nane, zililelewa na Waislamu wa pwani. Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikafunguliwa kwa jina la Mwenyezi Mungu na sala kwa Mtume, na nyingi zikasimulia vita vya mwanzo wa Uislamu. Utenzi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni mfano mashuhuri.

Ni katika chombo hicho Mnyampala alipomimina imani yake. Katika miaka ya 1960 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Hakubomoa kanuni ili Ukristo upate nafasi, wala hakuificha dini yake ili akubalike kwa wenye fani. Vina vilibaki vilevile, pamoja na maneno mengi ya asili ya Kiarabu ambayo Waislamu na Wakristo huyatumia kwa pamoja wanapomtaja Mungu, dhambi na rehema. Diwani yake ya mwaka 1963 nayo ilifuata mkondo huo wa wazee.

Swali la nani mwenye ushairi wa Kiswahili liliendelea kuwagawa wataalamu kwa miaka mingi baada yake. Wapo walioufunga ndani ya Uislamu na pwani, na wapo waliodai kuwa kanuni za kale zivunjwe. Mnyampala alikuwa amekwisha kujibu kwa vitendo: fani ni ya yule aliyekubali kujifunza adabu zake.

Katika UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, alifanya kazi bega kwa bega na Waislamu. Mwaka 1968 Mwalimu Julius Nyerere aliwataka washairi walieneze Azimio la Arusha. Mnyampala akaikuza ngonjera, yaani mashairi ya kujibizana yanayotolewa mbele ya hadhara. Alifariki dunia mwaka 1969, kabla ya vitabu vya Ngonjera za UKUTA kutoka mwaka 1970 na 1971.

Hapa pana dosari ambayo wahakiki hawakuinyamazia. Katika ngonjera nyingi, anayepinga huwa mjinga anayesubiri kuelimishwa, na mwisho wake hukubali. Mtunzi aliyezipatanisha dini mbili ndani ya beti aliacha nafasi finyu kwa aliyetofautiana na siasa ya wakati ule.

Hata hivyo, tendo lake kubwa halifutiki. Alipoichukua fani iliyolelewa na Waislamu na kuisimulia kwayo Injili, hakumnyang'anya mtu kitu. Aliwaongezea Waswahili wasomaji, na akawapa Wagogo mlango wa kuingilia.