Hackenschmidt: Taji Miaka 3, Tizi Maisha Yote

Wanachuo wenzangu, boom likiingia jimu zinajaa, likikata zinabaki tupu. Nikiona hivyo namkumbuka George Hackenschmidt.

Alizaliwa 1877 Dorpat, leo Tartu, nchini Estonia. Alipokwenda Reval kujifunza ufundi kiwandani, ndipo vyuma vikamkolea. Mwaka 1905 alimwangusha Tom Jenkins jijini New York, akatambuliwa bingwa wa dunia wa mieleka. Mwaka 1908 Frank Gotch akamnyang'anya taji kule Chicago. Waliporudiana 1911, Hackenschmidt aliingia ulingoni na goti bovu, akapigwa tena. Akaacha mieleka.

Tizi lakini hakuacha. Kitabu chake cha 1908 hakikuwa cha mabingwa tu. Kilifundisha mazoezi ya bila vyuma na ya vyuma, kula vizuri, kulala vya kutosha. Aliyafuata mwenyewe hadi uzeeni, akafariki London 1968 akiwa na miaka 90.

Piga hesabu: taji miaka 3, na baada ya ulingo akaishi mingine 57. Mimi naitaka hiyo 57. Sasa kwani hiyo inasubiri boom? Pushapu za chumbani hazina ada.