Agnes Pockels, mwanamke aliyechunguza sabuni akiosha vyombo

Agnes Pockels hakusoma chuo kikuu hata siku moja. Lakini watafiti wanaopima leo namna sabuni inavyofanya kazi juu ya maji wanafuata njia aliyoifungua yeye, akiwa jikoni.

Alizaliwa Februari 14, 1862, mjini Venice, uliokuwa bado chini ya Austria. Baba yake, afisa wa jeshi, aliugua malaria (ugonjwa usiohitaji maelezo huku kwetu) na kustaafu mapema. Familia ikahamia Braunschweig, Ujerumani. Binti alipenda fizikia, ila vyuo vikuu havikupokea wasichana. Mdogo wake Friedrich ndiye aliyekwenda kusoma Göttingen, akawa anampatia vitabu. Agnes alibaki nyumbani kupika, kuosha vyombo na kuuguza wazazi.

Mwaka wa 1882, akiwa na miaka 20, alitengeneza chombo cha bati chenye urefu wa sentimita 70, akakijaza maji. Juu yake aliweka utepe wa bati uliosogezwa huku na huku, ili kubana mafuta yaliyotandaa. Kisha, kwa mizani ndogo, akapima nguvu ya kubandua kisahani, kidogo kama kifungo cha shati, kutoka kwenye maji. Uso wa maji hujivuta kama ngozi ya ngoma. Mafuta na sabuni huulegeza. Agnes aliona kwamba ukibana polepole, mvutano haubadiliki sana, halafu ukifika kipimo fulani unashuka ghafla. Sababu yake inajulikana leo: hapo molekuli zimesimama bega kwa bega katika tabaka moja, kichwa kinachopenda maji kikiwa chini, mkia unaoyakimbia ukiwa juu.

Kazi hiyo ilikaa nyumbani karibu miaka kumi. Januari 1891 alimwandikia Lord Rayleigh, mwanasayansi mkubwa wa Uingereza aliyechunguza mambo hayo hayo. Barua ilikuwa ya Kijerumani. Mke wa Rayleigh akaitafsiri. Rayleigh angeweza kunyamaza na kujichukulia sifa. Aliipeleka kwa jarida la Nature, likaichapisha Machi 12.

Leo wanakemia huunda molekuli za jamii ya sabuni zinazoungana kuwa minyororo kama plastiki, na kubadilika zikipata joto au mwanga. Nazo hupimwa kwanza juu ya maji.

Mwaka wa 1932 chuo cha ufundi cha Braunschweig kilimpa udaktari wa heshima, akiwa na miaka 70. Mwaka huo huo, Mmarekani Irving Langmuir, aliyeboresha chombo chake, alipata Tuzo ya Nobel. Agnes alifariki Novemba 1935. Katika maabara nyingi, chombo hicho kinaitwa kwa jina la Langmuir.