Maisha ya Ibn Sina na Maarifa Yake ya Dawa za Kupaka

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ramadhani moja mzee wa mtaani kwetu aliacha kupaka dawa ya magoti aliyopewa na daktari, akakaa mwezi mzima hawezi kusimama kwa tarawehe. Alichelea saumu yake isije ikabatilika, maana alisikia kuwa dawa ile huzama ndani ya mwili. Mwingine akamcheka, akasema ngozi ni ukuta, haipitishi kitu. Wote wawili walikosea, kila mmoja kwa upande wake. Nikaona kheri niwaandikie ndugu zangu habari za mtu aliyelitazama jambo hili kabla ya miaka elfu.

Mtu huyo ni Abu Ali al-Husayn bin Abdallah bin Sina, ajulikanaye kwa jina la ash-Sheikh ar-Rais. Alizaliwa mwaka wa 370 Hijra, ndio 980 Miladi, katika kijiji cha Afshana karibu na mji wa Bukhara, ambao leo umo katika nchi ya Uzbekistan. Baba yake alikuwa mtu wa Balkh, akifanya kazi ya utawala chini ya wafalme wa Kisamani. Mtoto alihifadhi Kurani akiwa na miaka kumi, kisha akasoma fiqhi, mantiki na hesabu, na alipofika miaka kumi na sita alikuwa amekwisha shika utabibu. Kabla hajatimia miaka ishirini aliitwa kumtibu Amiri Nuh bin Mansur, na ujira aliouomba ni ruhusa ya kuingia katika maktaba ya mfalme. Wanafunzi wetu na walitie moyoni jambo hili.

Baada ya dola ya Wasamani kuanguka hakupata utulivu tena. Alitoka Bukhara akenda Gurganj, kisha Jurjan, kisha Rayy, kisha Hamadan. Huko Hamadan alifanywa waziri; askari wakamwasi na kuipora nyumba yake, akajificha siku arubaini, mpaka tumbo la Amiri lilipouma tena, naye akatafutwa na kurudishwa uwaziri. Baadaye alifungwa miezi minne katika ngome ya Fardajan, kisha akatorokea Isfahan amevaa mavazi ya masufi. Katika misukosuko hiyo ndipo alipoandika Al-Qanun fit-Tibb, kwa mafungu: mwanzo wake Jurjan, na sehemu kubwa Hamadan.

Kitabu hicho ni juzuu tano. Katika juzuu ya nne ameeleza magonjwa ya ngozi, kama mabaka meupe na upele, na ya tano ni ya dawa za kuchanganya, zikiwamo marhamu za kupaka. Ama fikira yake juu ya dawa za kupaka ni hii: dawa ina sehemu mbili, moja laini na moja nzito. Ikiwekwa juu ya ngozi, ile laini hupenya, na ile nzito husalia nje. Na iliyopenya haikomi pale ilipopakwa. Huweza kufika kwenye viungo vilivyo chini yake, na huweza pia kutenda kazi mahali pa mbali mwilini. Kwa hiyo mgonjwa asiyeweza kumeza dawa alikuwa na njia nyingine ya kutibiwa.

Wala hakuishia katika maneno matupu. Kwa maumivu yashukayo kutoka nyongani mpaka mguuni, ambayo Waarabu huyaita irqun-nasaa, alitumia kiberiti kilichochanganywa na lami, kikapakwa juu ya ngozi, kisha kikafunikwa kwa karatasi ili kisibanduke. Msomaji ataona kuwa hiyo ni plasta. Na kiberiti hicho hicho kingali kikitiwa katika marhamu za upele hata leo. (Katika chuo changu upele ukimshika mtoto mmoja huwaambia wazazi watibu nyumba nzima siku moja, la sivyo hurudi.)

Hatusemi kwamba Ibn Sina alijua yote. Wataalamu wa leo wamegundua kuwa tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba mno, ni seli zilizokufa zilizoshikanishwa kwa mafuta. Dawa yenye chembe ndogo na yenye kuyeyuka katika mafuta hupita, ikachukuliwa na mishipa midogo ya damu iliyo chini; yenye chembe kubwa huzuiliwa. Na si dawa tu ipitayo njia hiyo. Zimo na sumu pia, kwa hiyo mtu asijipake kila aambiwacho. Mwaka wa 1979 Marekani iliruhusu plasta ya skopolamini, ibandikwayo nyuma ya sikio kuzuia kichefuchefu cha safari, nayo hutoa dawa kidogo kidogo kwa siku tatu. Sisi watu wa pwani, tujuao tumbo la mtu linavyogeuka chomboni wakati wa kusi, tutajua thamani yake.

Wako wasemao kuwa Ibn Sina asisomwe, kwa kuwa Imamu Ghazali alimpinga. Ni kweli alimpinga, na kwa ukali, katika mambo ya falsafa yagusayo itikadi. Lakini Imamu huyo huyo, katika Al-Munqidh, alibainisha kuwa kuikanusha elimu ya tiba si sharti ya dini. Basi tuyaache aliyokosea, tuchukue aliyopatia.

Na katika saumu, Imamu Nawawi amekwisha eleza katika Minhaj kuwa mafuta yakinywewa na vinyweleo hayadhuru, hata yakifika ndani, kwani kibatilishacho ni kile kiingiacho kwa njia iliyo wazi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilipokutana Jeddah mwaka wa 1997 ilisema vivyo hivyo juu ya marhamu na plasta za dawa. Nilimsomea mzee wetu maneno hayo, akaomba chupa yake iletwe.

Ibn Sina alipatwa na ugonjwa wa tumbo ule ule aliozoea kuwatibu wengine, akajitibu kwa pupa, na watumishi wake wakazidisha kipimo katika dawa zake. Alipojua kuwa nguvu zimemwisha aliacha dawa, akatubu, akatoa sadaka, akawaacha huru watumwa wake, akawa akikhitimu Kurani kila siku tatu. Alifariki katika mwezi wa Ramadhani, mwaka wa 428 Hijra, ndio 1037 Miladi, akazikwa Hamadan. Mwenyezi Mungu amrehemu.