Bi. Ethel Bedford Fenwick: Jina la Kwanza katika Sajili ya Wauguzi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mgonjwa haulizwi uji. Hata hivyo, kuna ukweli mwingine ambao methali hiyo haikuutaja: mgonjwa naye hamwulizi anayemletea uji huo ni nani. Niliwahi kulazwa usiku mmoja nikiwa na homa kali. Mtu aliyevaa sare nyeupe akanikaribia, akaushika mkono wangu, akautafuta mshipa, akanidunga sindano. Sikumwuliza alisomea wapi wala kwa muda gani. Nilimwamini tu. Nilipopata nafuu ndipo nilipojiuliza: imani ile niliitoa wapi? Ni nani aliyenihakikishia kuwa mkono ule ulistahili kushika sindano?

Makala haya yanasimulia maisha ya mwanamke aliyejiuliza swali hilo zaidi ya karne moja iliyopita, akatumia zaidi ya miaka 30 ya maisha yake kulitafutia jibu la kisheria. Mwanamke huyo ni Bi. Ethel Bedford Fenwick wa Uingereza. Wengi wetu tumesoma habari za Florence Nightingale tangu shule ya msingi. Ni wachache waliosikia kuwa katika suala la usajili wa wauguzi, mabibi hawa wawili walisimama pande mbili zinazopingana.

Kuzaliwa na Malezi

Ethel Gordon Manson alizaliwa mwaka 1857 karibu na mji wa Elgin, kaskazini mwa Uskoti. Baba yake alifariki angali mchanga. Mama yake akaolewa tena na George Storer, mtu mwenye mali ambaye baadaye alikuwa mbunge, na familia ikahamia Nottinghamshire nchini Uingereza. Kwa hivyo, Ethel hakukulia katika dhiki. Alikuwa binti wa tabaka la juu, na jambo hili tulikumbuke, kwa maana litatufaa tutakapopima mema na mapungufu yake.

Mwaka 1878, akiwa na umri wa miaka 21, alijiunga na hospitali ya watoto mjini Nottingham akiwa mwanagenzi wa kulipa ada, kisha akaendelea na mafunzo katika hospitali ya Manchester Royal Infirmary. Baada ya hapo alifanya kazi London Hospital akiwa sista msimamizi wa wodi. Mnamo 1881, akiwa na miaka 24 pekee, aliteuliwa kuwa metroni wa St Bartholomew's, hospitali kongwe ya London iliyoasisiwa mwaka 1123. Wapo waliodhani kuwa amekabidhiwa mzigo uliomzidi kimo. Muda si muda waligundua kuwa kimo cha mtu hakipimwi kwa miaka. Bi. Ethel alipanga upya mafunzo ya wauguzi na kuyarefusha hadi miaka mitatu, akishikilia kuwa hakuna anayeweza kumwelewa mgonjwa kwa kupita wodini mbiombio.

Uuguzi Usio na Mlango

Katika lugha yetu, neno muuguzi limetokana na kitenzi uguza, ambacho nacho kimetokana na ugua. Yeyote aliyeketi kando ya mgonjwa akamwosha, akamlisha na kumkesha, huyo ameuguza. Mama ameuguza, shangazi ameuguza, jirani ameuguza. Hali ilikuwa hivyo hivyo Uingereza ya wakati ule. Mwanamke yeyote aliyetaka kujiita muuguzi alijiita. Aliyesoma miaka mitatu na aliyesoma majuma matatu walibisha hodi kwenye mlango mmoja wa mgonjwa, na mgonjwa hakuwa na njia ya kuwatofautisha. Aidha, muuguzi aliyefukuzwa hospitalini kwa ulevi, wizi au uzembe aliweza kuvuka mtaa na kuanza kazi upya. Hapakuwa na daftari la kuandikia jina lake, na kwa hivyo hapakuwa na mahali pa kulifuta.

Mwaka 1887 Bi. Ethel aliolewa na Daktari Bedford Fenwick, akajiuzulu umetroni, kama ilivyotarajiwa kwa mwanamke wa tabaka lake. Badala ya kustarehe nyumbani, mwaka huo huo aliwakusanya wenzake wakaanzisha Chama cha Wauguzi wa Uingereza, ambacho rais wake alikuwa Binti Mfalme Christian, mmoja wa mabinti za Malkia Victoria. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1893. Lengo lake kuu lilikuwa moja: dola iweke sajili ya wauguzi waliohitimu, na asiyekuwemo asiruhusiwe kujinadi kuwa muuguzi aliyesajiliwa.

Mgogoro na Florence Nightingale

Upinzani ulizuka mara moja. Mpinzani aliyetajika zaidi alikuwa Florence Nightingale, mwasisi wa shule ya uuguzi iliyofunguliwa katika hospitali ya St Thomas mwaka 1860. Hoja yake haikuwa nyepesi. Aliona kuwa sifa za muuguzi bora ni tabia, huruma na uaminifu, na kwamba sifa hizi haziwezi kupimwa kwa mtihani wala kuandikwa daftarini. Isitoshe, aliona kuwa jina likishaandikwa hubaki pale hata kama mwenye jina ameharibika, na umma ukahadaika kwa karatasi.

Wapo pia waliopinga kwa sababu nyingine. Baadhi ya hospitali ziliwatuma wauguzi wao kwenye nyumba za matajiri na kupokea ada. Sajili ya taifa yenye masharti ya miaka mitatu ingewatia hasara wenye hospitali hizo. Eva Lückes, metroni wa London Hospital, na Henry Burdett, msimamizi mashuhuri wa masuala ya hospitali, walikuwa mstari wa mbele katika upinzani huo.

Bi. Fenwick hakuubeza wema wa moyo. Hoja yake ilikuwa kwamba mgonjwa hana macho ya kuuona moyo. Mgonjwa asiyejiweza hawezi kuchunguza tabia ya anayemhudumia, na kwa hivyo lazima pawe na watu waliokwisha kuichunguza kwa niaba yake, wenye mamlaka ya kumwondoa anayekiuka. Hapa ndipo penye kiini cha mvutano wao. Nightingale aliutazama uuguzi kutoka moyoni mwa muuguzi; Fenwick aliutazama kutoka kitandani kwa mgonjwa.

Miaka Thelathini ya Kubisha Hodi

Safari haikuwa nyoofu. Ndani ya chama alichokianzisha, madaktari waliopata nguvu walimsukuma kando. Hakukata tamaa. Kuanzia mwaka 1893 alihariri jarida la wauguzi ambalo mnamo 1902 lilichukua jina la The British Journal of Nursing, na kalamu hiyo hakuiweka chini kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1899 aliongoza kuasisiwa kwa Baraza la Kimataifa la Wauguzi, akawa rais wake wa kwanza hadi 1904. Mwaka 1902 alianzisha jumuiya ya kupigania usajili wa kiserikali wa wauguzi waliohitimu.

Inafaa msomaji afahamu kuwa wakati Uingereza ikisitasita, makoloni yalikuwa yamekwisha kutangulia. Hapa barani Afrika, Koloni la Rasi ya Tumaini Jema lilipitisha sheria iliyohusisha usajili wa wauguzi mwaka 1891, kufuatia juhudi za Sista Henrietta Stockdale wa Kimberley. New Zealand ilitunga sheria mahususi ya usajili wa wauguzi mwaka 1901, na mwaka uliofuata Ellen Dougherty akawa wa kwanza kuandikishwa huko.

Nchini Uingereza, kamati teule ya Bunge ilianza kulichunguza suala hilo mwaka 1904, na mwaka 1905 ikapendekeza usajili. Miswada ikawasilishwa mwaka baada ya mwaka, ikafa. Mmoja ulipita katika Bunge la Mabwanyenye mwaka 1908, lakini haukupata nafasi katika Bunge la Makabwela. Ikumbukwe kuwa wanawake hawakuwa na kura. Bi. Fenwick aliamini kuwa suala la wauguzi halitengani na suala la wanawake, kwa sababu taaluma ya wasiopiga kura ni rahisi kupuuzwa.

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, wanawake wengi wa kujitolea waliingia hospitalini baada ya mafunzo mafupi. Moyo wao ulikuwa mkunjufu, lakini majeruhi aliyewaona wodini hakuweza kuwatofautisha na waliosoma kwa miaka mitatu. Hoja ya Bi. Fenwick ikawa dhahiri. Mwaka 1918 baadhi ya wanawake walipata haki ya kupiga kura. Hatimaye, Desemba 1919, mswada ulioletwa na Waziri wa Afya, Christopher Addison, ukawa sheria.

Ushindi Wenye Uchungu

Sheria hiyo iliunda Baraza Kuu la Uuguzi la Uingereza na Wales, likapewa jukumu la kuweka sajili, kutunga mitihani na kuyafuta majina ya waliokiuka maadili. Sajili ilipofunguliwa mwaka 1921, jina la kwanza kuandikwa lilikuwa la Ethel Bedford Fenwick.

Laiti hadithi ingeishia hapo! Akiwa mwenyekiti wa kamati ya usajili, alichunguza kila ombi kwa ukali. Maelfu ya wauguzi waliofanya kazi kwa miaka mingi walisubiri, nayo majina yakapita kwa kasi ya kobe. Manung'uniko yalizidi hata wajumbe wengi wa Baraza wakajiuzulu. Ulipofika uchaguzi wa kwanza wa Baraza, wauguzi waliosajiliwa, ambao kura yao ilitokana na sheria aliyoipigania yeye, hawakumchagua. Katika utendi wetu wa Fumo Liyongo, shujaa anaangushwa na mwanawe mwenyewe. Bi. Fenwick naye aliangushwa na wanawe wa kitaaluma. Tofauti ni kwamba Liyongo alisalitiwa kwa hila, ilhali wauguzi hawa walikuwa na malalamiko ya haki.

Wasifu unaosifu tu ni nusu ya wasifu. Bi. Fenwick alikuwa mkali na asiyependa kupingwa. Kadhalika, alitaka uuguzi uwe kazi ya wanawake waliosoma vyema, wakati ambapo elimu ilikuwa ya wenye nacho. Binti wa maskini aliyeuguza kwa ustadi miaka 20 angeweza kuuona mlango ule wa sheria kama ukuta. Hili ni funzo kwa kila taaluma inayojiwekea masharti: sharti linalomlinda mgonjwa lina uhalali, lakini linalolinda fahari ya waliokwisha kuingia halina.

Hakunyamaza baada ya kushindwa. Mwaka 1926 alianzisha chuo cha wauguzi cha Uingereza, akaendelea kuhariri jarida lake hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 90.

Hitimisho

Matunda ya kazi yake yamevuka bahari. Baraza la Kimataifa la Wauguzi, aliloliasisi, lilipitisha kanuni za maadili mwaka 1953 katika mji wa São Paulo, Brazil, na kanuni hizo zimerekebishwa mara kadhaa, ikiwemo mwaka 2021. Nchini Kenya, Baraza la Wauguzi huendesha shughuli zake chini ya Sura ya 257 ya sheria za nchi hiyo. Baraza hilo ndilo hutahini, husajili, hutoa leseni na kumwadhibu anayekiuka maadili. Mtu anaponaswa akidunga watu sindano kwa cheti bandia, kinachomfichua ni kukosekana kwa jina lake katika daftari.

Je, Nightingale alikosea? La hasha. Hadi leo hakuna mtihani unaoweza kupima huruma, na wapo waliosajiliwa ambao lugha yao kwa wagonjwa hutia simanzi. Sajili haimfanyi mtu kuwa mwema. Kazi yake ni kumfanya awajibike. Wema ni wa muuguzi mwenyewe kuuleta kazini kila asubuhi. Uwajibikaji ni haki ya mgonjwa, na haki haiachwi itegemee bahati.

Usiku ule nilipodungwa sindano, nilidhani kuwa nimemwamini mtu mmoja. Sasa nafahamu kuwa nyuma yake palikuwa na mitihani, daftari, baraza na sheria, na nyuma ya hivyo vyote palikuwa na watu kama Bi. Fenwick, waliobisha hodi miaka 30 ili mgonjwa asiyeweza kuuliza apate jibu kabla ya kuuliza.