Imamu Abu Hanifa na Mali Yake

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, twapenda kuwaeleza ndugu zetu khabari za mtu ambaye jina lake lajulikana na kila aliyekaa darasani, lakini duka lake halijulikani ila na wachache. Naye ni Imamu Abu Hanifa, Nuuman bin Thabit, Mwenyezi Mungu amrehemu. Sisi watu wa pwani twafuata madhehebu ya Imamu Shafi, aliyezaliwa mwaka ule ule aliofariki Abu Hanifa. Lakini katika jambo la mali, mwenendo wa Abu Hanifa ni somo kwa kila Mwislamu.

Tumemkhitari yeye kwa sababu katika miji yetu mna kauli mbili juu ya mali, na zote mbili zatudhuru. Wako wasemao kuwa mali ni uchafu wa dunia, na mcha Mungu haimfalii kuishika. Na wako waonao kuwa mali ndiyo kila kitu, hata ikija kwa njia gani. Maisha ya Imamu huyu yazijibu kauli hizo zote mbili.

Alizaliwa Kufa, katika nchi ya Iraki, mwaka wa 80 Hijria (699), kwa ukoo wa Kiajemi. Alishika biashara ya nguo za hariri, na imepokewa kwamba alipokuwa kijana, mwanachuoni Shaabi alimwona akienda sokoni, akatambua akili yake, akamnasihi atafute elimu. Akaingia katika darasa la Sheikh Hammad bin Abi Sulaiman, akakaa naye miaka 18. Sheikh alipofariki mwaka wa 120, yeye ndiye aliyekaa mahali pake. Lakini duka hakulifunga. Aliweka washirika wa kumsaidia kuuza, naye akasomesha watu bila ya kungoja malipo yao.

Biashara yake ilikuwa na mizani ya akhera. Wapokezi wasimulia kwamba alimpelekea mshirika wake, Hafs, nguo za kuuza, akamkumbusha kuwa moja katika hizo ina ila, na mnunuzi aonyeshwe ila hiyo. Hafs akasahau, akaiuza pamoja na nyingine, wala asimjue aliyeinunua. Imamu alipopata khabari alizitoa sadaka fedha zote za mauzo yale. Mara nyingine alimjia mwanamke akiuza nguo ya hariri kwa dirham 100. Imamu akamwambia kuwa thamani yake yazidi hapo. Mama yule akapandisha mia kwa mia mpaka zikafika 400, na Imamu akashika neno lake kuwa bado yazidi. Yule mama akadhani anafanyiwa mzaha. Akaitwa mtu wa kuikadiria, na Imamu akainunua kwa 500. Na tujiulize, ni wangapi katika sisi wenye maduka wangemwambia yule mama hivyo?

Ama faida aliyoipata, haikuwa ya kulundikwa. Alijivika vizuri, wala hakupenda mtu aliyeruzukiwa ajionyeshe kama fakiri. Katika faida ya kila mwaka alikuwa akiwanunulia masheikh na wanavyuoni chakula na mavazi, kisha huwapa fedha zilizosalia, akiwaambia wamshukuru Mwenyezi Mungu peke yake. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwako kijana maskini aitwaye Yaakub, ambaye wazee wake walimtoa darasani akatafute riziki. Imamu alipojua sababu alimpa mfuko wa dirham 100, akamtaka arudi, na kila zilipokwisha alimwongeza pasi na kuombwa. Kijana huyo ndiye Abu Yusuf, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu katika zama za Khalifa Harun Rashid, na akatunga kitabu mashuhuri juu ya mapato ya dola.

Sasa tuje kwenye mtihani wake. Katika siku za Bani Umayya, Ibn Hubaira, liwali wa Iraki, alimtaka ashike kazi ya serikali. Akakataa, akapigwa mijeledi. Baadaye Khalifa Mansur wa Bani Abbas akamwita Baghdad awe kadhi. Akakataa tena, akatiwa gerezani. Imepokewa pia kwamba Khalifa huyo aliamrisha apewe dirham 10,000. Zilipoletwa nyumbani, Imamu hakuzigusa. Ziliwekwa pembeni mwa nyumba, na akamuusia mwanawe Hammad kwamba akifa azirudishe kwa aliyezileta, na mwana akafanya hivyo. Imamu alifariki mwaka wa 150 (767), akazikwa Baghdad.

Ndugu zetu, mali haikumwokoa Abu Hanifa na mjeledi wala gereza. Lakini ilimpa uwezo wa kukataa, kwani hapakuwa na mtu aliyeweza kumkumbusha kuwa watoto wake wamekula kwake. Hiyo ndiyo thamani ya mali ya halali. Humhifadhia mtu uso wake na ulimi wake.

Nasi tunaosomesha tujihukumu wenyewe kwanza. Mara ngapi tumekaa katika baraza ya tajiri, tukajua kuwa ala riba au awadhulumu wafanyi kazi wake, na ulimi ukawa mzito kwa sababu ya bahasha tunayoingojea baada ya hitima? Twakiri kuwa hayo yametupata, na twamwomba Mola atusamehe. Mkono mtupu haulambwi, na mkono unaongoja kupewa haunyanyuki kukataza maovu.

Basi mwanafunzi wa dini na afundishwe pamoja na elimu yake kazi ya kumlisha, iwe duka, cherehani au shamba. Mwenye duka na aionyeshe ila ya bidhaa yake kabla ya kupokea fedha. Na tajiri amsaidiaye mwanachuoni amsaidie kama alivyosaidiwa Abu Yusuf, asiifanye sadaka yake kuwa kamba ya kumfungia. Mwenyezi Mungu aturuzuku cha halali, akitie mikononi mwetu, wala asikitie nyoyoni mwetu. Amin.